Filamu ya kutisha isiyo na paukwa

SEHEMU YA 1: Nesi na filamu za kutisha, wapi na wapi?

Leo naanza mfululizo mpya, na najua wapo watakaoshangaa. Nisomeni hadi mwisho, maana safari hii inaanzia kwenye msitu mmoja Marekani na inaishia kitandani kwa mtoto wako, saa nane ya usiku, ana homa.

Kuna aina ya filamu ambayo waliotengeneza hawataki ujue kwamba ni filamu. Inaanza na maandishi: vijana fulani walipotea, kamera yao ikaokotwa, na hiki unachotazama ndicho kilichokutwa ndani yake. Picha inatikisika. Hakuna muziki. Mwanga ni wa tochi tu. Unasikia mtu anapumua kwa nguvu, anasema "nani yupo hapo?", kisha picha inakatika. Basi. Mimi naziita filamu za mkanda uliookotwa.

Sasa fikiria hadithi zetu. Bibi akisema "paukwa", watoto wanaitikia "pakawa". Ule ni mlango. Hata mtoto mdogo anajua kwamba tumeingia hadithini. Zimwi likimeza kijiji kizima, limemeza kijiji cha hadithini. Hadithi ikiisha tunatoka, tunanawa, tunalala.

Filamu ya mkanda uliookotwa imeung'oa mlango huo kwa makusudi. Inakuingiza hadithini bila kukuambia kwamba umeingia. Nguvu yake yote iko hapo, na ubaya wake wote uko hapohapo. Hilo ndilo nitakaloeleza, kwa historia, si kwa mahubiri. Sijaja kuwaambia filamu ni dhambi. Wengine mnazipenda, na zipo nzuri.

SEHEMU YA 2: Hela kidogo, hofu kubwa

Oktoba 1997, waigizaji watatu vijana, Heather Donahue, Michael Williams na Joshua Leonard, walipelekwa kwenye msitu wa jimbo la Maryland, Marekani. Waongozaji walikuwa Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Vijana hawakupewa maneno ya kukariri. Walipewa kamera, hema, na vikaratasi vya maelekezo. Chakula chao kilipunguzwa siku hadi siku ili wachoke na wagombane kweli. Usiku waongozaji wenyewe walinyatia na kulitikisa hema. Kazi yote ya kupiga picha ilichukua siku nane.

Filamu hiyo, The Blair Witch Project, ilipigwa kwa dola kama 35,000 hadi 60,000. Ilipotoka mwaka 1999 iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Halafu mwaka 2006 akaja Oren Peli, mtu ambaye hakuwahi kutengeneza filamu. Akatumia nyumba yake mwenyewe mjini San Diego, waigizaji wachache, kamera imesimamishwa chumbani ikitazama kitanda. Siku saba, dola kama 15,000. Hiyo ndiyo Paranormal Activity, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 190.

Kwa nini zilifanikiwa hivyo? Kwanza, umaskini wa picha ukageuka kuwa ushahidi. Filamu ya kawaida ikiwa na picha mbovu tunasema wameshindwa kazi. Hii ikiwa na picha mbovu tunasema "mh, basi ni ya kweli." Kasoro imefanywa mtaji.

Pili, hazionyeshi. Kwenye Blair Witch mchawi huonekani hata mara moja. Unasikia vijiti vinavunjika nje ya hema, kazi iliyobaki unaifanya mwenyewe kichwani. Ni kama koti lililotundikwa nyuma ya mlango: mchana ni koti, usiku mtoto anakuambia kuna mtu. Hakuna aliyelipwa kutengeneza mtu yule. Ametengenezwa na giza na akili ya mtoto, na hakuna fundi anayezishinda hizo mbili.

Tatu, zinatokea pa kawaida. Chumba cha kulala, korido, kitanda ambacho mguu mmoja umetoka nje ya shuka. Ukitoka hapo unarudi kwenye chumba kama hichohicho. Filamu ya zimwi la kasri la Ulaya haikufuati Kasulu. Hii inakufuata.

Na udhaifu? Upo mwingi. Picha inayotikisika iliwapa watu kichefuchefu ndani ya kumbi za sinema, na sababu yake ni ya mwili tu: macho yanaiambia akili kwamba unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa. Vilevile ujanja huu ukishaujua haukutishi tena kama mara ya kwanza. Na kila mtazamaji mwenye akili timamu anafika mahali anauliza: wewe, kwa nini usitupe hiyo kamera ukakimbia?

Tena hilo neno "bajeti ndogo" ni nusu ya ukweli. Blair Witch ilinunuliwa na kampuni kwa zaidi kidogo ya dola milioni moja, kisha yakafuata matangazo ya fedha nyingi mno kuliko zile za msituni. Waigizaji wale watatu, waliotumia hata majina yao halisi, walipata kidogo sana kulingana na kilichovunwa. Mwaka 2024, miaka 25 baadaye, walikuwa bado wanadai hadharani walipwe inavyostahili. Kitu kikiwa rahisi sana, uliza nani amebeba gharama.

SEHEMU YA 3: Mama aliyepewa pole mwanawe akiwa hai

Ili watu waamini, waliotengeneza Blair Witch walibandika matangazo ya "wamepotea" yenye picha za vijana wale, na wakaweka kwenye intaneti historia yote ya kubuni kana kwamba ni ya polisi. Waigizaji wakatakiwa wasionekane. Matokeo yake, mama yake Heather alipokea kadi za rambirambi kutoka kwa watu wasiomfahamu. Mwanawe mzima, anakula, anatembea, na watu wanampa mama pole ya msiba. Fikiria ni wewe.

Lakini kisa ninachotaka mkikumbuke kuliko vyote ni cha Uingereza. Tarehe 31 Oktoba 1992, televisheni ya BBC ilirusha kipindi kinaitwa Ghostwatch. Kilionekana kama matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mzimu: mama mmoja na binti zake wawili, na watangazaji halisi ambao nchi nzima iliwajua na kuwaamini. Mmoja wao, Sarah Greene, alipendwa na watoto kutokana na vipindi vyao. Kumbe yote ilikuwa mchezo, umerekodiwa miezi kadhaa nyuma. Mamilioni walitazama, watoto wakiwemo.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kulikuwa na namba ya simu kwenye skrini. Ukipiga, ujumbe ulikuambia kwamba hiki ni kipindi cha kubuni. Lakini waliopiga walikuwa wengi kiasi kwamba wengi walikuta laini imejaa. Yaani paukwa ilikuwepo, ila ilikuwa upande wa pili wa simu isiyopokelewa.

Mwaka 1994 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya wavulana wawili wa miaka 10 waliopata ugonjwa wa akili unaofuata tukio la kutisha, chanzo kikiwa kipindi hicho. Ni ugonjwa uleule tunaoujua kwa watu waliopona vita na ajali. Hofu ya giza, kukataa kubaki peke yao, ndoto mbaya, picha zinazorudi kichwani bila kuitwa. Madaktari waliandika kuwa hizo ndizo taarifa za kwanza za ugonjwa huo kwa watoto kutokana na kipindi cha televisheni. BBC haijawahi kukirudia.

Watoto wa Uingereza walikuwa wametazama vitisho vingi kabla ya usiku ule. Mizimu ilikuwepo kwenye vitabu vyao na katuni zao. Kilichowaumiza safari hii ni kwamba kimeletwa na watu wanaoaminika, kwa sura ya taarifa ya habari, na hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kusema "hii ni hadithi."

SEHEMU YA 4: Kibanda umiza kilikuwa na paukwa

Turudi nyumbani. Tanzania Bara tulianza kuwa na televisheni mwaka 1994. Huku kwetu miinuko ya Kigoma mambo yalichelewa zaidi, maana kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu tuliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa ikiwa mbali. Kwa hiyo picha ilitufikia kupitia kibanda umiza. Mnakijua: mabenchi, turubai dirishani, joto, jenereta inanguruma nje, na watoto wanachungulia kwenye tundu la ukuta kwa sababu hawana hela ya kiingilio.

Kibanda umiza tumekilaumu sana, na mengine ni haki yake. Lakini kilikuwa na kitu kimoja cha thamani: mtafsiri. Kanda za Marekani, China na Nigeria ziliwekewa sauti ya Kiswahili juu yake. Maarufu kabisa ni Lufufu, yaani Derek Mukandala. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana wenzao wanaofanya kwa Kiganda. Mtafsiri hakutafsiri tu. Alitania, alimpa jini jina la mtaani, alimwambia msichana aliyekuwa anafungua mlango "dada, huko usiende, utakufa mapema." Watu wanacheka. Ile sauti ilikuwa paukwa inayojirudia kila dakika: tupo hadithini, tupo pamoja, msiogope kupita kiasi.

Halafu tukapata filamu zetu. Nigeria walitangulia na Living in Bondage mwaka 1992, habari ya mtu anayetoa kafara kwa ajili ya utajiri, na kanda zao zikaenea hadi kwetu. Dar es Salaam wakajibu. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, kisha Shumileta, ya jini wa kike, mwaka 2005. Bajeti ndogo kweli: kamera ya video, nyumba ya kuazima, unga usoni, rangi nyekundu kwa damu, na vitu vya kupotea ghafla vilivyofanywa kwenye kompyuta.

Nguvu yake ilikuwa nini? Jini alizungumza Kiswahili na aliishi kwenye nyumba yenye geti kama ya jirani. Mzimu haukuwa wa kizungu. Watu walijiona. Udhaifu wake: sauti mbovu, hadithi ya saa moja inavutwa ili iuzwe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mwisho unaofanana filamu zote.

Lakini kuna udhaifu mmoja mkubwa kuliko sauti. Katika filamu nyingi hizi mchawi ni yuleyule: bibi mzee, maskini, macho mekundu. Ninyi mnajua kanda ya magharibi na ya ziwa bibi wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Filamu haikuanzisha mauaji hayo, yalikuwepo kabla yake. Ila kila inapomchora bibi vile, inaweka kuni kwenye moto unaowaka.

Hata hivyo, kanda zile zilikuwa na kava. Zilikuwa na majina ya waigizaji, na jini wa leo ulimwona wiki iliyopita akiigiza shangazi. Bodi ya Filamu ipo kisheria kukagua na kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Mlango ulikuwepo, hata kama bawaba zimelegea.

SEHEMU YA 5: Mkanda uliookotwa kabla ya kamera

Msidhani hadithi isiyo na paukwa ililetwa na Wamarekani. Sisi tunayo ya zamani.

Wakati wa ukoloni, Afrika Mashariki nzima na hadi Kongo, watu walisimuliana kuhusu wanyonya damu: mumiani, kwingine wazimamoto, kwingine chinjachinja. Eti gari linapita usiku, linakamata mtu, linamtoa damu. Mwanahistoria Luise White amezikusanya habari hizo katika kitabu kizima, Speaking with Vampires, cha mwaka 2000. Simulizi la mumiani haliji kama hadithi ya bibi. Linakuja hivi: "Ilimtokea mjomba wake jirani yangu." Kuna mahali, kuna gari, kuna shahidi ambaye hayupo. Ni mkanda uliookotwa wa mdomo.

Lina madhara hadi leo. Ukihamasisha kuchangia damu bado yupo anayesita, anauliza damu inapelekwa wapi. Inapelekwa kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, hili si jambo la mbali na nyumba yako.

Kisa kingine: popobawa. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, hofu ilianzia Pemba ikaenda Unguja hadi Dar es Salaam. Watu walisema kuna kiumbe kinachowashambulia usiku wakiwa wamelala, unahisi umekandamizwa huwezi kusogea wala kupiga kelele. Familia nzima zililala nje zimezunguka moto. Na Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyekuja kutibiwa, alidhaniwa ndiye popobawa. Kundi la watu likamuua.

Wataalamu waliochunguza wanaona sehemu ya kisa kile inaelezeka kwa kitu ambacho Kiswahili kinakijua siku nyingi: jinamizi. Akili inaamka kabla mwili haujaachiliwa na usingizi. Kwa sekunde au dakika chache huwezi kusogea, kifua kizito, unahisi kuna mtu chumbani. Linatisha sana, lakini linapita, na halimuui mtu. Aliyekufa mwaka 1995 aliuawa na watu waliokuwa macho kabisa.

Sasa unganisha mambo haya mawili: simulizi la "ilitokea kwa jirani" na kamera inayotikisika. Unapata kile kilichomo kwenye simu yako. Video ya dakika moja, giza, mtu anapiga kelele, juu imeandikwa "IMETOKEA JANA, TUMA KWA MAMA WENGINE". Haina kava, haina jina la muigizaji, haina mtafsiri wa kukuchekesha, haijapita kwa mkaguzi yeyote. Mara nyingi imekatwa kutoka kwenye filamu ya mtu wa nchi nyingine, aliyeitengeneza ili apate watazamaji. Aliyeikata ameitoa paukwa hata pale ilipokuwepo. Huko ndiko filamu ya mkanda uliookotwa ilikofikia kwetu: mkononi mwa mtoto aliyepewa simu ili anyamaze mama amalize kupika ugali.

SEHEMU YA 6: Kinachotokea kwa mtoto

Umri kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano au sita anaogopa kinachoonekana vibaya. Sura ikibadilika, meno yakitoka, kwake basi, hata ukimwambia mara kumi kwamba ni mchezo. Mtafiti Joanne Cantor wa Marekani aliyafanyia kazi haya miaka mingi. Kuanzia kama miaka minane mtoto anaanza kuogopa kitu kingine: kinachoweza kutokea kweli. Kwa hiyo filamu ya mkanda uliookotwa inamuumiza zaidi yule mkubwa tunayedhani amekomaa, kwa sababu imetengenezwa ionekane kama jambo linalowezekana. Cantor na mwenzake Kristen Harrison waliwauliza wanafunzi wa chuo kuhusu vitisho walivyotazama utotoni, na karibu robo walisema athari fulani bado wanayo. Hao ni watu wazima, wako chuoni.

Pili, wapo kati yetu ambao picha hizi kwao si burudani hata kidogo. Nyarugusu ilipokea Wakongo tangu 1996. Nduta ilifunguliwa tena 2015 kwa Warundi. Wapo waliokimbia usiku msituni wakiwa wamebeba mtoto mgongoni, tochi imezimwa, wanasikia vijiti vinavunjika nyuma yao. Kwao mkanda unaotikisika hauigizi kitu, unawarudisha. Mkikaa na jirani wa aina hiyo, yeye au watoto wake, msiwashe hizo video. Ni heshima tu.

Tatu, na hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka tangu mwanzo. Katika video zinazotembea kwenye simu kuna za mtoto anayekakamaa, macho yamegeuka juu, mate yanatoka, na maandishi yanasema ameingiwa na pepo au ametupiwa kitu. Ukiwa umezitazama hizo mara ishirini, siku mwanao mwenyewe akikakamaa usiku utaona nini? Utaona filamu.

Hilo ni degedege. Kwa mtoto mdogo mwenye homa linaweza kuletwa na homa yenyewe, na kwetu mara nyingi nyuma yake ipo malaria kali. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha mama wengi waliliona degedege kama ugonjwa wa peke yake usiohusiana na malaria, wakampeleka mtoto kwa mganga kwanza. Ipo pia imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Si kweli. Wengi waliokufa baada ya sindano walikuwa wamefika wamechelewa. Sindano ya malaria kali ndiyo inayookoa, ikiwahi.

SEHEMU YA 7: Nyumbani tufanye nini

Mtoto akipata degedege: mlaze ubavu, mlegezee nguo, ondoa vitu vya kumgonga. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe maji wala dawa ya kienyeji akiwa hivyo. Usimkandamize. Mbebe mwende kituo cha afya au zahanati iliyo karibu, usiku huohuo. Hata kama limekoma njiani, endelea na safari.

Mtoto akiamka usiku anapiga kelele, macho wazi, hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu: hivyo ni vitisho vya usingizini, vinawapata watoto wengi wadogo na wengi huviacha wakikua. Kaa naye, asiumie, mwache arudi kulala. Akiwa na homa, akikakamaa, au hali ikijirudia mara kwa mara, mlete tumwone.

Mtoto akiwa tayari ametazama kitu kikamtisha: mdogo mkumbatie, mpe kitu cha kunywa, mfunike, lala naye. Maelezo marefu hayamsaidii. Mkubwa mweleze jinsi ilivyotengenezwa. Mwambie yule dada wa msituni yupo hai na miaka mingi baadaye alikuwa anadai hela yake. Mwambie hema lilitikiswa na muongozaji. Mkitaka, itazameni tena mchana kipande kidogo, sauti mmeizima. Mtashangaa jinsi hofu inavyopungua, maana nusu yake ilikuwa kwenye sauti. Usimcheke, na usimtishie kwa picha hiyo ili ale au alale. Hiyo inaibakisha kichwani.

Wewe mwenyewe, kabla ya kutuma video ya kutisha kwenye kundi, jiulize: imepigwa wapi, lini, na nani? Kama majibu hayapo, isiendelee kutoka kwako. Na kama ina bibi wa mtu anayeitwa mchawi, au mtoto wa mtu anayeitwa pepo, ifute, maana yule bibi na yule mtoto wana kwao.

Mkipenda filamu za kutisha, tazameni. Watoto wakishalala kweli, si wakijifanya. Na siku watoto wakiomba kutishwa kidogo, maana watoto wanapenda, kaeni jikoni wakati maharage yanaiva, uwasimulie la zimwi. Anza na paukwa, wakuitikie.

Wiki ijayo tutaongea kuhusu chandarua: kwa nini mtoto anang'atwa na mbu hata akiwa ndani yake. Mtumie na baba watoto asome hii.